Mkono wa Mtu

Siku ya arobaini ya baba nilipewa kazi ambayo kila mtu nyumbani alikuwa akiikwepa, kufungua sanduku lake la bati. Mama alikataa hata kuingia chumbani. Alinikabidhi ufunguo mlangoni akarudi jikoni kusimamia chakula cha wageni. Juu kabisa niliikuta miwani yake, ile tuliyomvua wenyewe alipokata roho. Chini yake kulikuwa na leseni ya udereva iliyokwisha muda zamani sana, redio isiyo na betri, na kifurushi cha kitenge kilichofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nilidhani ni hati ya shamba. Nikafungua. Ilikuwa waipa ya gari, moja tu, chuma kimeshika kutu, raba imekatika vipande vitatu.

Niliinusa kabla sijajua kwa nini nainusa. Chini ya harufu ya kutu na ya raba iliyozeeka kulikuwa na nyingine, au niseme nilidhani ipo, ambayo ninyi wa umri wangu mtaijua bila kutajiwa mara mbili. Mafuta ya mgando. Nikakaa sakafuni na ile waipa mapajani.

Sisi tulipakwa mafuta ya mgando mpaka tukang'aa. Asubuhi kabla ya shule, mama alikuwa ananishika kidevu kwa mkono mmoja na kunisugua kwa mwingine, uso, viwiko, magoti, na vumbi la njiani lote linanasa humo humo hadi ukifika darasani rangi yako imebadilika. Kwa mama mafuta yale yalikuwa dawa ya kila kilichokauka. Midomo ikipasuka, mafuta. Bawaba za mlango zikipiga kelele, mafuta, na kweli zikinyamaza. "Kitu kinalia kwa sababu kimekauka," alikuwa akisema, na mimi nililiweka neno hilo kichwani pamoja na sala ya asubuhi.

Tulikaa ufukweni, upande wa Misungwi, mahali ambapo ziwa linaingia ndani na kutulia. Baba alikuwa na pikapu nyeupe kuukuu ya kubebea magunia ya dagaa kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hadi Mwanza. Aliitunza vizuri kuliko alivyojitunza mwenyewe, na katika pikapu nzima hakuna alichokihangaikia kama waipa. Watu walimcheka. Mchana akiegesha juani aliziinua zisiguse kioo, raba isije ikaungua na kujikunja. Jioni alizifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, taratibu, ukingo wote. Ukimuuliza, alikuonyesha ziwani. Mwezi ukiandama, vijidudu vya ziwa huinuka juu ya maji, wengi mno, wakasimama angani mithili ya moshi, na upepo ukigeuka wanakuja nchi kavu. Wakikutana na kioo cha gari wanakuwa uji wa kijani. Na mvua ya kwetu haisubiri umalize kupangusa.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na chumba chake uani. Mimi nilipewa jina lake, ndiyo maana baba aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nilikuwa na miaka minane. Bibi alikuwa na macho mekundu. Alipikia kinyesi cha ng'ombe kikavu tangu usichana wake, moshi ukamla macho, hakuna zaidi ya hapo. Lakini wenzangu mnajua, au kama hamjui basi mmshukuru Mungu, macho mekundu ya bibi kizee yalikuwa yanasomwaje kule kwetu.

Mwaka huo ndama watatu wa jirani yetu, Mzee Masanja, walikufa katika wiki mbili. Baada ya hapo wanawake waliacha kumtekea Bibi maji. Walikuwa wakimsalimia kwa mbali, wengine hawakumsalimia kabisa. Asubuhi moja tulikuta mlango wake umechorwa msalaba wa mkaa. Baba alichukua kile kitambaa chake cha waipa akaufuta. Mama alisimama nyuma yake amejishika mdomo. Niliuliza ni nani aliyechora, nikaambiwa niende nikaoshe vyombo.

Tangu jioni ile baba aliacha kuegesha pikapu chini ya mti. Akawa anairudisha nyuma hadi ubavu wake ukaziba mlango wa Bibi kabisa, kiasi kwamba Bibi alitoka kwa kujipenyeza. Hakuna aliyenieleza sababu.

Wiki hiyo hiyo waipa ya upande wa dereva ikaanza kulia. Ilikuwa sauti mbaya, ndefu, ya kupanda na kushuka, na ilipofika katikati ya kioo ilikuwa kama mtu anayezibwa mdomo kwa mkono katikati ya kilio. Baba alinichukua tukaenda kwa fundi Deus, Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi. Fundi aliinua ule mkono wa chuma, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa raba, akatikisa kichwa.

"Laba imekauka, mzee. Unaisikia inavyolia?"

"Naisikia. Nilikuwa naisukumasukuma mpaka mwisho wa mwezi."

"Usisukume. Hii ikiendelea kulia hivi, siku moja itaondoka na mtu."

Baba alicheka kidogo, cheko la kuitikia tu. Mimi sikucheka. Tulivuka barabara hadi duka la vipuri, na pale baba akanifundisha kuchagua, maana alipenda kufundisha. Ya dereva ni ndefu, ya abiria ni fupi, usikubali uuziwe mbili sawa zitagongana katikati. Ikunje raba kwa vidole halafu uiachie. Nzuri inarudi ilivyokuwa. Mbovu inabaki na kovu. Boksi zuri lisikudanganye. Alikunja za pale dukani moja baada ya nyingine, zote zikabaki na makovu, akazirudisha. Muuza duka alisema mzigo mpya unaingia Jumamosi.

"Basi Jumamosi," baba alisema.

Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno ya fundi. Itaondoka na mtu. Kesho yake nilikwenda kisimani, na mbele yangu walikuwa wanawake wawili wanaojaza ndoo. Hawakunigeukia. Mmoja alisema, "Yule bibi kizee hakai. Kabla mvua hazijaisha ataondoka." Mwenzake akajibu, "Na aondoke."

Mtoto hujumlisha anachopewa. Gari inayolia itaondoka na mtu. Bibi ataondoka. Na kila jioni gari hiyo hiyo inakuja kurudi nyuma hadi mlangoni kwa Bibi na kuuziba. Mimi niliona waziwazi kwamba pikapu ya baba ilikuwa inamsubiri, na kwamba baba, masikini, hakujua. Nilikuwa nalala naye Bibi kitanda kimoja. Nilimshika mkono jioni ile hadi aliponiuliza kama naumwa.

Sasa, kitu kinalia kwa sababu kimekauka. Fundi mwenyewe amesema raba imekauka. Ijumaa, baba akiwa ameketi na mama wanakula, nilichukua kopo la mafuta ya mgando, nikapanda juu ya bampa, na nikaipaka ile waipa ya dereva kama mama alivyonipaka mimi. Sikubania. Nilichota kwa vidole viwili, nikapitisha ukingo wote, juu, chini, nikarudia. Yaliyobaki vidoleni nikajipaka viwiko. Nilishuka nikiwa na furaha niliyoisikia tumboni. Sijawahi tena kuwa na uhakika wa kitu maishani mwangu kama nilivyokuwa siku ile, na ndiyo maana mpaka leo nikijikuta nina uhakika sana naogopa.

Jumamosi tuliondoka na magunia, mimi na baba. Kulikuwa na joto la kubana, na ziwani ule moshi wa vijidudu ulikuwa umesimama sehemu tatu, mrefu, hausogei. Baba aliutazama akasema, "Leo tunachukua raba mpya, mayu, hata kama ni ya mwisho dukani." Hatujafika barabara ya lami upepo ukageuka.

Vijidudu walifika kwanza. Waligonga kioo kwa sauti ndogo ndogo, maelfu, mchana ukawa wa kijivu. Kisha mvua ikaanguka yote kwa pamoja. Baba akawasha waipa.

Ilikuwa kimya. Naapa nilitabasamu. Ilikwenda na kurudi bila sauti yoyote, nami nikasema moyoni, imenyamaza, haitaondoka na mtu tena. Kisha nikaona kioo cha upande wa baba kinageuka kuwa maziwa. Kila waipa ilipopita maziwa yalizidi. Upande wangu, ile fupi ilikuwa inafuta vizuri tu, ningeweza kuona mti mmoja mmoja, lakini upande wake hapakuwa na kitu. Baba aliguna. Akainamia usukani, akakanyaga breki, akatoa kichwa nje dirishani, na mimi, kutoka upande wangu safi, nikaona baiskeli yenye mzigo wa majani. Sikupiga kelele. Mara nyingi nimejiuliza kama kulikuwa na muda wa kupiga kelele.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Hicho ndicho kilichonitisha, udogo wake.

"Lala chini," baba alisema. "Lala chini, mayu, usiangalie." Nikajikunja miguuni pa kiti nimejifunika uso. Nilisikia mlango wake, nikasikia mtu analia huko mbele na baba anamwambia, "Shija, Shija, usiinuke, tulia." Shija alikuwa mdogo wake Mzee Masanja. Nilimwita baba mdogo, alikuwa akinipa miwa. Kisha hatua za baba zikarudi kwenye gari, zikasimama hapo mbele, kimya kirefu. Kisha nikasikia kitu kinachomoka, ka! Kisha nikasikia mikono yake kwenye kioo, anasugua kwa nguvu, na harufu ya tope.

Watu walifika wengi, mvua ikiwa bado inanyesha. Wakasimamisha gari la mchanga lililokuwa linapita, Shija akapakiwa kupelekwa hospitali, mguu wake umekaa vibaya, na baadhi yao wakabaki kutuzunguka. Nilichungulia. Mzee Masanja alikuwa ameweka mkono juu ya boneti.

"Hii njia unaijua," alimwambia baba. "Umepita hapa miaka yote. Shija umemwona akikua. Unamgongaje mchana?"

"Sikumwona."

"Na waipa yako iko wapi?"

"Imechomoka wakati wa kugonga."

Mzee Masanja alitazama kioo, kilichokuwa kimejaa tope, akatazama watu. Akasema bila kupandisha sauti, "Ndama. Sasa ndugu yangu. Hapa kuna mkono wa mtu."

Nilificha mikono yangu chini ya mapaja. Sikujua kwamba watu wazima wakisema mkono wa mtu wanasema uchawi. Nilidhani ameona. Nilidhani wote wananusa vidole vyangu kutoka pale walipo, na watafungua mlango waseme ni huu hapa. Lakini hawakuwa wananitazama mimi. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wamegeuka kutazama njia tuliyotoka, nyumbani kwetu, ambako Bibi alikuwa amekaa peke yake anachambua mchicha. Kijana mmoja alikuwa na panga la kukatia majani. Alilihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Hakuna mkono wa mtu," baba alisema.

"Unasema nini?"

Hapo alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Nasema ni macho yangu. Nina mwaka sasa sioni vizuri, nimeficha kwa sababu ya kazi. Mimi ndiye nimemgonga Shija. Asitafutwe mtu mwingine." Alitoa ufunguo wa gari mfukoni akauweka mkononi mwa Mzee Masanja. "Sitaendesha tena. Mbele yenu."

Mvua ilipungua. Yule kijana alilishusha panga lake, na watu wakaanza kuondoka wawili wawili, kwa sababu kosa lilikuwa limepata mwenyewe.

Jioni baba alinikalisha kwenye kigoda akaniosha mikono kwa sabuni ya kufulia, kidole kimoja kimoja, mpaka ndani ya kucha. "Una matope," alisema. Sikuwa na matope. Miaka yote iliyofuata hatukulitaja jambo lile.

Kweli hakuendesha tena. Pikapu iliuzwa. Alipata kazi ya kupima samaki mwaloni, akinusa samaki na kusikiliza utani wa wavuvi kuhusu dereva kipofu. Alikwenda mjini akarudi na miwani, akaivaa kila siku ya maisha yake. Msalaba wa mkaa haukurudi mlangoni. Bibi aliishi miaka kumi na moja zaidi na akafa kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na kila mwaka kati ya hiyo nilikuwa naamini nilifanya vizuri kuipaka ile waipa, kwamba kosa lilikuwa la macho tu. Nilijua ukweli nikiwa mtu mzima, siku niliponunua gari langu na kijana mmoja pale Buzuruga akakipangusa kioo kwa kitambaa chenye mafuta. Iliponyesha niliona yale maziwa. Nilisimamisha gari pembeni. Tangu hapo nilimficha baba nilichojua, nikidhani yeye hajui, na kila nilipokwenda kumwona nilimletea matone ya macho. Aliyapokea, akashukuru.

Sasa waipa ilikuwa mapajani mwangu, haikuchomoka yenyewe. Niliichukua ile miwani nikaivaa. Ukutani kulikuwa na kalenda ya parokia yenye maandishi madogo ya masomo ya kila siku. Niliyasoma. Nikaivua nikayasoma tena. Maandishi hayakukua wala hayakusogea. Vilikuwa vioo vitupu.

Nilitoka nje na ile waipa mkononi. Wageni wengi walikuwa wameshakula. Baba mdogo Shija alikuwa amekaa mkekani peke yake karibu na geti, fimbo yake ameilaza juu ya mguu wake mfupi. Alikuja kwenye mazishi, alikuja na leo, lakini nilikuwa nimeona kwamba mara zote mbili hakusogea kaburini. Nilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona unalia tena?"

Nikamwekea waipa kwenye mkeka, nikanyoosha mikono yangu yote miwili juu ya magoti yake. "Siku ile kaka yako alisema kuna mkono wa mtu. Ulikuwepo. Ni huu." Nikamweleza yote, kopo, bampa, Bibi, kile kioo. Sikuacha kitu.

Aliokota kipande cha raba, akakikunja kwa vidole, kikabaki kimekunjika.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Baba yako alikuja hospitali kila wiki," alisema. "Aliniletea redio. Siku moja waya umekatika ndani, waya mwembamba kama unywele. Akaketi pembeni ya kitanda akauunganisha, na miwani kaiweka juu ya kichwa. Nikamtazama. Nikajua macho yake mazima." Alikohoa. "Nikasema, basi alikuwa amelewa. Amelewa na anatudanganya. Nilipotoka nikamrudishia redio yake. Miaka yote nimepokea salamu zake, nimekaa naye kanisani benchi moja, na moyoni sikumsamehe hata siku moja. Alikuwa anajua. Aliwahi kuniuliza, nikamwambia hakuna neno."

Nilibaki nimepiga magoti, mikono yangu bado iko pale pale nilipoiweka. Aliishika, akaitoa taratibu juu ya mguu wake, akatafuta fimbo.

"Nisaidie kuinuka," alisema. "Nipeleke pale nyuma alipolala."